Mama Mizani Anaondoka, na Mimi Bado Sijaelewa

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, Mama Mizani, fundi sanifu wa maabara ya kemia, atastaafu baada ya kukitumikia chuo chetu kwa miaka thelathini na mbili. Jina lake la kwenye kitambulisho lipo ofisini kwa anayelitaka. Sisi tumemwita Mama Mizani tangu siku alipoichukua kilo ya sukari ya kantini, akaipima kwenye mizani ya maabara, ile inayokamata hata pumzi ya mtu, kisha akairudisha kantini na kikaratasi cha gramu zilizopungua. Ukurasa huu ulikuwa uandikwe na mkuu wa idara, lakini yuko safarini, na katibu akasema basi aandike mtu anayemfahamu vizuri. Niliinua mkono kabla hajamaliza sentensi. Mimi ni mwendesha jenereta wa chuo, wanafunzi wananiita Anko, na kama hunijui basi umeme haujawahi kukukatikia.

Aliingia hapa akiwa msichana wa kuosha vyombo vya maabara. Wakati huo mimi nilikuwa kijana wa mabega, nimeletwa kubeba mapipa ya dizeli, nami nilikuwa nabeba mawili kwa mpigo, moja kila bega. Waliokuwepo wamestaafu wote, kwa hiyo itabidi mniamini. Yeye alikuwa anaosha chupa huku anasoma maandishi yaliyobandikwa juu yake. Akikuta neno asilolijua anamuuliza mwalimu, na mwalimu akijibu kwa mkato anamfuata mpaka mlangoni. Jioni akawa anakwenda darasani, akarudi na cheti, akapewa koti jeupe na funguo za stoo ya kemikali. Funguo hizo hajawahi kumwazima mtu, hata mimi, na mimi nilimwomba kwa heshima zote.

Pua yake ni habari nyingine. Anapita koridoni, anasimama, anasema kuna chupa ya amonia imeachwa wazi. Unaingia, unaikuta. Siku moja alikuwa nje kabisa, karibu na chumba changu, na upepo unaelekea upande mwingine, akanusa, akamtaja mpaka mwanafunzi aliyeiacha. Profesa mmoja mgeni alitaka kuipima ile pua kwa vyombo vyake, ila ndege ilikuwa inaondoka.

Tulizoeana kwa sababu ya umeme. Umeme ukikatika katikati ya jaribio, wenzake hunipigia kelele madirishani. Yeye hutuma mtu aje aulize kwa adabu itachukua muda gani. Nikijibu "sasa hivi," huwaambia wanafunzi waende wakanywe chai, tena wasiharakishe.

Lakini mama huyu hatutamkumbuka kwa pua wala kwa adabu. Tutamkumbuka kwa Meza.

Kwa asiyejua, Meza ni meza kweli, ya mbao, miguu yake inakunjika. Aliitengeneza shemeji yetu, mume wa Mama Mizani, ambaye ni seremala. Mara moja kwa mwezi wanafunzi wa kemia huipeleka sokoni, huisimamisha kati ya wauza nguo na wauza masufuria, chini ya turubai, na kuzungumza na watu habari za mabadiliko ya tabianchi na nishati. Kwa nini joto linazidi, moshi wa mkaa unakwenda wapi, jua linageukaje kuwa umeme. Mwenye akili ataniuliza kwa nini namsifu mama ambaye meza yake inawafundisha watu kuachana na dizeli, ilhali mimi nakula kwa dizeli. Nimejiuliza hivyo hivyo. Jibu nimelitafuta na sijalipata.

Safari ya kwanza ya Meza ilikuwa aibu. Wanafunzi walikwenda na makoti meupe, chupa za rangi rangi, na kijana mmoja mwenye sauti ya kutangazia mpira. Kijana akahutubia kuhusu angahewa mpaka koo likamkauka. Watu walijaa kweli, wakapanga hata foleni. Alipouliza kama kuna mwenye swali, mzee wa mbele akasema, "Swali ninalo, mwanangu. Ya kunguni bei gani?" Kumbe foleni nzima ilikuwa ya dawa ya kunguni. Makoti meupe, chupa, kelele. Wangewaza nini kingine?

Jumatatu yake Mama Mizani akavuka uwanja, akaingia chumba cha jenereta bila hodi.

"Ndugu yangu, unajua nini kuhusu hewa ukaa?"

"Yote," nikamwambia.

"Haya, nieleze."

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, kwa mifano na kwa mikono. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniangalia kama mtu aliyeokota kitu alichokuwa anakitafuta muda mrefu, akasema, "Wewe unafaa kabisa."

Ndivyo ilivyozaliwa kanuni: hakuna mada itakayowafikia watu wa sokoni kabla Anko hajaielewa. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi ya kuelekea Meza, wanafunzi wanakuja kwangu saa ya chai. Mimi nakaa kwenye kiti changu, wao wanasimama, wanaeleza. Mama Mizani anakaa mlangoni, mikono nyuma, na haruhusiwi kumsaidia mtu hata kwa jicho. Wakimaliza, mimi nawarudishia kwa maneno yangu kile nilichokipokea. Wakiniletea kiti nikawarudishia kabati, wanarudi kujipanga upya.

Kazi hii wengi wameitamani. Nasema bila kujisifu kwamba katika chuo hiki kizima hakuna mtu anayeweza kutoelewa kama mimi. Wengine wakipotea katikati ya maelezo huona haya, wakaitikia "naam, naam" mpaka mwisho. Mimi haya hiyo sikuzaliwa nayo. Kijana mmoja alinieleza kwamba hewa ukaa ni kama blanketi lililoifunika dunia. Nikamrudishia: basi wote tulale bila blanketi, dunia ipoe. Kijana akakaa chini, kwenye mafuta. Alhamisi nyingine akaja na mitungi ya kioo, mmoja wazi na mwingine umefunikwa, vipimajoto ndani, akaiweka juani nje ya mlango wangu, tukasubiri pamoja. Nikasema sasa nimeelewa kidogo. Akamtazama Mama Mizani kwa hofu, kama kidogo kinatosha.

"Kidogo cha kweli kinatosha," akasema Mama Mizani, na hilo ndilo neno pekee nililowahi kumsikia akisema pale mlangoni.

Sokoni mambo yakabadilika. Makoti yakaachwa kabatini. Mama anayepikia wachukuzi aliuliza kwa nini jiko lake linakula mkaa kuliko majiko ya wenzake. Wanafunzi wakainama, wakamwonyesha tundu la hewa lililozibwa na majivu. Tangu hapo Meza ikichelewa, yeye ndiye anayepiga simu chuoni kugomba.

Sasa nije kwenye mambo ya mwaka huu, ambayo wengi mmeyasikia vipande vipande, tena vipande vibaya. Tarehe ya kustaafu ilipojulikana, Mkuu wa chuo alitoa neno kwamba Mama Mizani akiondoka, Meza nayo iondoke. Msimamizi hakuna, gari la chuo linachoka, na yeye alikuwa amesikia kwamba watu husimama pale kwa ajili ya kivuli cha turubai. Ila, kwa kuwa ni mtu wa haki, akasema Jumamosi ya mwisho atakuja sokoni mwenyewe, aone kwa macho yake, ndipo aamue. Mama Mizani hakubishana. Mchana ule nilimkuta stoo anazipaka mafuta bawaba za Meza. Bawaba zenyewe hazikuwa zinalia.

Kundi lililopewa Jumamosi hiyo liliongozwa na binti anayeongea haraka mno, tunamwita Cherehani. Walichagua mada ya kunifurahisha, jenereta yangu. Alhamisi wakaja.

"Anko, lita moja ya dizeli ina uzito usiofika kilo," akasema Cherehani. "Ukiichoma kwenye mashine yako inatoa hewa ukaa zaidi ya kilo mbili na nusu."

Nikamwambia arudie. Akarudia, haraka zaidi.

"Mwanangu," nikamwambia, "dizeli nimeibeba maisha yangu yote. Kitu kimeingia hakijafika kilo, kinatokaje kilo mbili na nusu? Kwani mashine yangu inazaa?"

Akachora ukutani. Duara jeusi, pembeni maduara mekundu, yameshikana mikono. Hii kaboni, hizi oksijeni. Nikamrudishia nilichokipokea, mipira mitatu inacheza. Akafuta, akachora tena. Nikamwambia kuni nikizichoma linabaki jivu la kujaza kiganja, karatasi inabaki unga, mshumaa unaisha kabisa. Kitu kikichomwa kinapungua, hata mtoto anajua.

"Anko, wewe umeelewa, unatufanyia makusudi."

"Nionyesheni kitu kimoja tu chini ya jua ambacho kikichomwa kinaongezeka, nami nitaibeba Meza kichwani kutoka sokoni mpaka hapa."

Mama Mizani hakuvunja kanuni. Alisubiri watoke, akawaambia nje maneno ambayo niliyasikia kwa sababu masikio yangu hayajaharibiwa na jenereta kama watu wanavyodai: "Msimweleze tena. Amewaambia mahali alipokwama. Katafuteni alichokiomba."

Ijumaa ilifika hawajapata. Chuo kizima kikajua Anko amekwama, na Anko akikwama Meza haiendi, na Meza isipokwenda Mkuu atakuta soko lina masufuria matupu. Watu walinijia kwa zamu. Katibu akasema, "Sema umeelewa, ni neno moja tu, unamharibia mama wa watu siku yake ya mwisho." Mhudumu wa chai akauliza kama nikidanganya mara moja nitaota pembe. Mimi kichwa kilikuwa kama redio iliyo kati ya stesheni mbili. Kila nikimuaga Cherehani na maduara yake, nayaona tena kwenye tangi la dizeli, yananicheka.

Jioni nikaenda maabara. Mama Mizani alikuwa anazifunga chupa zake kwa magazeti, moja moja, kama mtu anayefunga mizigo ya mtoto anayekwenda shule ya mbali.

"Dada Mkubwa, niseme tu nimeelewa?"

"Umeelewa?"

"Hapana."

"Basi sema hapana. Chuo hiki kina watu wengi wa kuniambia ndiyo."

"Lakini Meza itakufa, na wewe unaijua hiyo Meza—"

"Naijua." Akaishika chupa moja muda mrefu kabla ya kuiweka. "Kanuni inasema mada isiwafikie watu kabla hujaielewa. Kama kuna mahali imesema lazima uelewe ukiwa umekaa chumba cha jenereta, nionyeshe. Kesho vaa viatu vya kutokea. Unakwenda sokoni."

Jumamosi wakanibebea na kiti changu. Nilikaa mbele ya Meza, wanafunzi wakasimama nyuma yake, Mama Mizani akajitenga kwenye nguzo ya turubai, mikono nyuma, kama mlangoni kwangu. Mkuu wa chuo alikuwa kwa muuza nguo wa jirani, anajifanya anachagua shati. Cherehani akaanza. Lita moja, kilo moja haifiki, kilo mbili na nusu. Nikasema kwa sauti, "Sijaelewa!"

Watu wakageuka. Mtu anayesema hadharani kwamba hajaelewa ni kitu adimu sokoni kuliko punguzo la bei. Wakasogea.

"Huyu wamempanga," akasema mmoja.

"Nani kanipanga? Mimi ni Anko!"

"Mwacheni baba wa watu, ana haki yake," akasema mama mpishi, yule wa jiko la mkaa. "Na mimi sijaelewa."

Muuza mkaa akaacha magunia yake. "Mzee yuko sahihi. Gunia zima mimi nabaki na jivu la kopo. Binti, unatuuzia maneno."

Basi soko lote likawa upande wangu, na sijawahi kushinda vibaya namna ile. Cherehani alichora maduara kwenye kadibodi, watu wakacheka. Nilimwona Mkuu anatoa simu mfukoni, anaangalia saa. Nikatamani mtu anifunge mdomo. Cherehani akanyamaza, kitu ambacho hata mama yake mzazi nadhani hajakishuhudia. Macho yake yakawa yanazunguka tu, yakapita kwangu, yakapita kwa Mama Mizani ambaye hakumpa hata kope, yakaenda kutua kwa muuza masufuria. Pale palining'inia vifurushi vya waya laini wa chuma, ule wa kusugulia vyombo vilivyoungua.

"Chuma," akasema, taratibu. Halafu haraka: "Mama, naomba hivyo viwili! Kaka, henga, henga moja ya waya, nipe hiyo!"

Muuza nguo akamvua Mkuu shati mkononi, akatoa henga yake, kile kitundikio cha waya, kisha akamrudishia shati. Cherehani akaitundika kwenye kamba ya turubai, akaning'iniza donge la waya kila upande, akawa ananyofoa nyuzi kidogo kidogo mpaka henga ikatulia sawasawa kama mizani ya dhahabu. Wenzake wakazungushia kadibodi kuzuia upepo.

"Anko, nikilichoma donge hili la kushoto, litapanda au litashuka?"

"Litapanda. Kilichochomwa kinapungua."

"Litapanda!" soko likaitikia, na katikati ya sauti hizo niliisikia wazi sauti ya Mkuu wa chuo.

Akawasha kiberiti. Ule waya haukutoa ndimi za moto; vicheche vyekundu vilitambaa ndani yake kama wadudu wanaokimbizana. Henga ikatetemeka, ikaning'inia, ikafikiri. Halafu upande wa kushoto ukashuka.

Nikasema ameigusa. Cherehani akaweka mikono nyuma, akamwambia muuza mkaa achome yeye, kwa madonge mapya. Likashuka. Nikasema henga imepinda. Tukabadilisha pande. Likashuka tena, upande wa kulia safari hii. Kuna mtu aliniambia niseme basi binti ameliroga, tumalize.

Ndipo mama mpishi akauliza, kwa sauti ya chini kama anauliza habari za mgonjwa, "Kwani kimekula nini?"

"Hewa, mama," akasema Cherehani, na kwa mara ya kwanza alisema polepole. "Chuma kikiungua kinaishika oksijeni ya hewani, kinabaki nayo, na hewa ina uzito wake. Kuni na dizeli nazo zinaishika, ila zinaondoka nayo kwa moshi, ndiyo maana sisi tunaona jivu tu tunasema kimepungua."

Watu wote wakanitazama mimi. Na mimi nilikuwa mbali, chumba cha jenereta. Mashine yangu ina kichujio cha hewa. Kikijaa vumbi inakohoa, inatoa moshi mweusi, inazimika. Nimekisafisha kile kichujio tangu ndevu zangu nyeusi, na nimekisafisha vizuri kuliko mtu yeyote aliye hai. Nikasimama kwenye kiti.

"Nilikuwa nadhani inapumua," nikasema. "Kumbe inameza! Dizeli inaingia na uzito wake, inakutana na hewa ndani, zinatoka zimekumbatiana. Nami nilipima mmoja tu mlangoni, dizeli."

Mama Mizani akatoa mikono nyuma ya mgongo. "Mada imepita," akasema.

Kelele iliyofuata nadhani ilisikika mpaka nchi ya jirani. Mkuu akapenya mbele, shati la watu bado analikumbatia, akamkazia macho Cherehani. "Sasa hizo kilo mbili na nusu, zikishatoka, zinakwenda wapi?"

Cherehani akafungua mdomo. Mama Mizani akainua kidole.

"Samahani, Mkuu. Hiyo ni mada nyingine. Lazima ipite kwa Anko kwanza."

"Basi Meza inakuja lini tena?"

"Mimi nastaafu, Mkuu."

"Hilo najua, mama. Nimeuliza habari za Meza."

Jumatatu tangazo likabandikwa: Meza inaendelea, itasimamiwa na fundi mpya wa maabara, na kanuni isiguswe. Mimi niliibeba Meza kichwani kutoka sokoni mpaka chuoni kama nilivyoahidi, bila kuishika kwa mkono hata mara moja. Anayebisha akaulize shemeji seremala, yeye alikuwa nyuma yangu na baiskeli, anaihurumia mbao yake.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, na ya wanafunzi ambao vidole vyao bado vimetimia kwa sababu yako, tunakushukuru, Mama Mizani. Umetufundisha kwamba mtu asiyeelewa asisukumwe pembeni, apewe kiti. Alhamisi iliyopita kundi jipya lilikuja na lile swali la Mkuu. Wakanieleza kwamba sehemu ya zile kilo inabaki angani, nyingine inaliwa na miti, na nyingine inazama baharini. Hewa, inazama baharini! Nikageuka kukutazama mlangoni, nikakuta fundi mpya amesimama pale pale, mikono nyuma, hatikisi hata kope. Nikawaambia sijaelewa. Wamerudi kujipanga.

Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, Dada Mkubwa, ukamsumbue shemeji ipasavyo, na chai yako ya saa nne uinywe ikiwa ya moto kwa mara ya kwanza. Ukikutana na jambo lisilokuingia kichwani, usimwitikie mtu tu ili aondoke. Chumba cha jenereta unakijua, na kiti kipo.